Mashine ya Ujerumani, maji ya Lushoto

Kama unaishi Dar, Tanga au Mtwara, unaweza kuruka nusu ya habari hii ya kuhifadhi matunda na nyanya kwenye chupa kwa mashine. Nawaandikia zaidi watu wa milimani, wa Lushoto, Njombe, Mbeya, Iringa na Arusha, hata jirani zetu wa Nairobi, ambao maji yao huchemka kabla ya kufika nyuzi 100. Mimi jambo hilo nililiacha kwenye daftari la sayansi la shule ya msingi. Limenirudia ukubwani kwa gharama ya tenga zima la nyanya, uniti za umeme zisizo na hesabu, na hela ya fundi ambaye hakuwa na cha kutengeneza.

Mashine yenyewe ni sufuria kubwa ya umeme ya kuchemshia chupa za vyakula. Inaingia lita 27 za maji. Ndani ina wavu wa kusimamishia chupa, ubavuni kwa chini ina bomba dogo, na mbele ina vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja cha joto na kimoja cha dakika. Wajerumani wanazo majumbani tangu zamani. Wakivuna matunda huyapanga kwenye chupa, wakayachemsha humo, wakayala baridi nzima. Wifi yangu anaishi huko, na aliponunua mpya ile ya zamani akaipakia kwenye kontena pamoja na baiskeli na magodoro. Lushoto hii Wajerumani waliwahi kuiita Wilhelmstal, basi mume wangu akasema mashine imerudi kwao. Utani wake ndivyo ulivyo.

Niliipokea kwa mikono miwili kwa sababu ya plamsi. Zikianza kuiva, kuelekea Krismasi, zinaiva zote kwa mpigo. Ndoo inashuka bei mpaka unaona aibu kuipeleka barabarani Mombo kwa wasafiri wa mabasi, na zinazobaki zinaoza chini ya miti. Nilikuwa nikipika jamu kwenye mkaa, chupa nazichemsha kwenye sufuria la shughuli lenye kitambaa kikuukuu chini, moto mara uzidi mara ulale. Kazi ya siku nzima, na jioni nguo, nywele na watoto vyote vinanuka moshi.

Kabla ya kuwasha, jambo la kwanza lilikuwa plagi. Plagi ya Kijerumani ina miguu miwili ya mviringo, soketi zetu zina matundu matatu ya pembe. Nilinunua adapta ya bei rahisi, nikamwita fundi wa umeme wa mtaani kwetu aangalie kama ukuta wangu utabeba. Akaitazama ile adapta, akaitoa.

"Mama, hii adapta haipitishi ethi, ule waya wa kupeleka umeme ardhini. Waya wa ethi wa mashine yako unaishia hewani. Maji yakivuja hapa, umeme utakutafuta wewe."

Akakata plagi ya zamani, akafunga ya kwetu ya ampea 13, waya tatu zote mahali pake. Mashine hii inakula wati 1,800, ni karibu ampea 8 mfululizo kwa saa nzima na zaidi, kwa hiyo akaniambia pia nisiiunganishe kwenye ekstensheni zile nyembamba za kuchajia simu. Jirani yangu aliwahi kufanya hivyo na jiko lake la umeme, ekstensheni ikayeyukia kwenye kapeti. Yangu inakwenda moja kwa moja ukutani na haishiriki soketi na kitu kingine. Kama wewe ndugu yako yuko Marekani, kuwa mwangalifu zaidi, kwa sababu za kule zimetengenezwa kwa volti 120. Zetu ni 230. Ukiichomeka hapa bila transfoma kubwa, umeiaga.

Plamsi za mwanzo zilitoka vizuri. Kitabu cha mashine, ambacho wifi alinisomea kwa simu ukurasa kwa ukurasa, kinasema matunda ni nyuzi 90 kwa dakika 30. Nikaweka 90, nikaweka 30. Baada ya kama saa moja na robo mashine ikafika joto lake, ikaanza kuhesabu yenyewe, ikalia, ikajizima. Nilijiona nimemaliza chuo.

Halafu zikaja nyanya. Nyanya nilitaka zichemke sawasawa, nikazungusha kitufe cha joto mpaka mwisho, 100, na cha dakika nikaweka 45. Maji yakapata moto, yakaanza kububujika. Nikasubiri mashine ianze kuhesabu. Maji yanaruka, mfuniko unacheza, mvuke umejaa jikoni mpaka ukuta unatoa jasho, lakini kitufe cha dakika kimekaa palepale kwenye 45. Nikampigia wifi.

"Wifi, iache tu. Ikifika mia itaanza kuhesabu yenyewe, halafu italia."

Nikaiacha. Iliendelea kuchemka mpaka giza likaingia, na mwishowe iliyolia ni LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Uniti zimeisha, nyumba giza, na chupa zangu zimo kwenye maji yanayoanza kupoa. Nyanya zilikuwa zimelegea zikawa rojo, nusu ya maji yake yametokea kwenye vifuniko. Kwa hasira na uchovu nikazitoa asubuhi, nikazipanga rafu, nikasema rojo pia ni chakula. Haikupita muda vifuniko vikaanza kuvimba kimoja kimoja. Tukazimwaga kwenye shimo refu mbali na kuku. Mama mkwe alisimama mlangoni akitazama bila kusema neno, na ningependelea angesema.

Fundi wa pili, wa vifaa vya ndani, aliifungua mashine na kusema kidhibiti joto kimekufa, kitafutwe kingine Dar. Nililipa ufundi na nilikuwa tayari kulipa na kipuri. Aliyeniokoa ni mwalimu wa fizikia aliyepanga chumba cha uani kwetu. Alichukua kipimajoto cha maabara, akachemsha maji kwenye sufuria la kawaida juu ya gesi, akaning'iniza kipimajoto ndani. Maji yanatokota, kipimajoto kinasoma 95. Tukangoja. Kikabaki 95.

"Mama, ungengoja mpaka Pasaka. Hapa maji hayafiki mia."

Kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango cha kuchemka kinashuka karibu nyuzi moja. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Pale Mombo, chini ya mlima, maji yanachemka karibu nyuzi 99. Unapanda kona zile kilomita thelathini na kitu, ukifika juu umepoteza nyuzi tatu au nne. Njombe, karibu mita 2,000, ni kama 93. Mashine yangu ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza. Iliambiwa ianze kuhesabu ikifika 100, na ilikuwa ikingoja kwa uaminifu joto ambalo halipo katika wilaya hii.

Tangu hapo kitufe cha dakika nimekisahau. Nazungusha joto mpaka mwisho, ambako mashine haipunguzi moto kabisa, na nafurahi kuwa haipunguzi. Maji yakishatokota kwa nguvu, mapovu makubwa yasiyokoma hata ukiinua mfuniko, ndipo nawasha saa ya simu. Kabla ya hapo haihesabiki hata dakika moja.

Ila dakika zenyewe nazo ni lazima ziongezwe, kwa kuwa maji ya nyuzi 95 yanaua vijidudu polepole kuliko ya 100. Hapa niliachana na kitabu cha mashine, nikafuata majedwali ya idara ya kilimo ya Marekani, ambayo yamepangwa kwa mwinuko, na ambayo yule mwalimu alinisaidia kuyageuza kutoka futi. Kwa mahali palipo kati ya kama mita 900 na 1,800, nyanya zilizopondwa na kuchemshwa kwanza, chupa ya nusu lita ni dakika 45, ya lita moja ni 55. Pwani wangetumia 35 na 45. Plamsi kwenye maji ya sukari ni 30 kwa nusu lita na 35 kwa lita. Jamu yenye sukari yake kamili ni 10, pwani ni 5. Ukivuka mita 1,800, kama Njombe, nyanya na plamsi unaziongezea dakika tano nyingine, na jamu inakuwa 15. Pima mwinuko wa kwako kwa simu, programu za ramani zinaonyesha.

Majedwali hayo pia yanataka maji yafunike chupa, sentimita mbili na nusu juu ya kifuniko. Wajerumani wanaweka mpaka robo tatu ya chupa. Mimi nafunika. Maji ni ya bure, mto unapita chini ya shamba.

Sasa asidi, na hili hata wa pwani asiliruke. Maji yanayochemka yanatosha kwa vyakula vichachu tu. Mpaka umewekwa kwenye pH 4.6, chini ya hapo ni salama, juu ya hapo si salama. Plamsi, nanasi, pasheni, ukwaju na machungwa hayana tatizo. Nyanya zinacheza palepale mpakani, na zilizoiva sana au aina za siku hizi tamu tamu zinaweza kuvuka. Kwa hiyo kila chupa ya nyanya ya nusu lita naitia robo kijiko cha chai cha asidi ya sitriki, ile wanayouza dukani kama unga wa ndimu, na ya lita naitia nusu kijiko. Ndimu za kukamua nimeziacha kwa kazi hii maana ukali wake haulingani, moja inakufumba macho na nyingine ni maji. Tenga langu lile la kwanza halikuwa hata na chembe ya asidi. Papai lililoiva na ndizi hazifai kuhifadhiwa hivi zikiwa peke yake. Mapichi ya nyama nyeupe nayo nayala mabichi, kwa sababu uchachu wake ni mdogo, na huku kwetu mengi ni meupe.

Mama mkwe alikuja na ombi lake msimu uliofuata. Mjukuu wake yuko chuo Dodoma, anakula chipsi asubuhi na jioni, basi tumpikie mchuzi wa nyama na maharage tumfungie kwenye chupa.

"Mama, nyama siwezi kuiweka humu," nikamwambia.

"Mwanangu, kitabu chao wenyewe si kimeandika nyama? Mbona wifi yako alikusomea nikisikia."

Ni kweli kimeandika. Nyama, nyuzi 100, dakika 120, na maharage mabichi vilevile. Wajerumani wengi wamefanya hivyo miaka yote. Lakini kwanza mia yenyewe hatuna. Pili, kuna bakteria wa udongoni ambaye vijimbegu vyake vinahimili maji yanayochemka kwa saa nyingi. Kuviua kwa uhakika kunataka nyuzi kama 116 mpaka 121, na joto hilo linapatikana kwenye mtungi wa presha wenye kipimo chake. Ukivifungia ndani ya chupa isiyo na hewa na isiyo na asidi, umevipa makazi vinayoyapenda, na vinatoa sumu ya botulizimu. Chupa inaweza isivimbe wala isinuke. Mtu anaanza kuona viwili viwili, anashindwa kumeza, kisha misuli ya kupumulia inagoma. Presha kuka yangu ya maharage haina kipimo, kwa hiyo nayo siitumii kwa kazi hiyo. Nyama, samaki, maharage, mahindi, uyoga na mboga za majani haviingii kwenye mashine yangu, na jibu hilo nimempa kila aliyeniuliza, akiwamo mchungaji.

Mama mkwe hakufurahi. Mjukuu alipelekewa achari ya maembe, jamu, na nyama iliyokaangwa ikakaushwa ya kula wiki ile ile. Achari ndiyo iliyoombwa tena.

Chupa zinakula hela kuliko mashine, hasa kwangu niliyeipata mashine bure. Nilianza na chupa za kuokoteza, za mayonezi na siagi ya karanga, nikidhani nimebana matumizi. Kioo chake chembamba, na vifuniko vikishatumika mara moja ule mpira mwembamba wa ndani unabaki na alama ya mdomo wa chupa ya kwanza. Hauzibi tena vizuri. Siku hizi naagiza chupa mpya kutoka Kariakoo kwa katoni, nachanga na kina mama wengine wawili ili nauli igawanyike, na kila msimu nanunua vifuniko vipya. Chupa nzima narudia, kifuniko sirudii. Napitisha kidole kwenye mdomo wa kila chupa kutafuta pengo. Kifuniko nakifunga kwa ncha za vidole tu, hewa ipate pa kutokea wakati wa kuchemka. Nafasi naacha sentimita moja na kidogo kwa nyanya na matunda, na nusu yake kwa jamu.

Mwezi wa sita na wa saba huku kuna baridi ya kweli, asubuhi mdomo unatoa moshi. Chupa ya moto ukiitua kwenye sakafu ya saruji inapasuka kitako. Natandika kanga nene juu ya ubao, nafunga dirisha, naziacha zimesimama bila kuzigusa mpaka kesho yake. Kufikia hapo kifuniko kinatakiwa kiwe kimebonyea ndani. Kikipanda na kushuka ukikibonyeza, chupa hiyo haikuziba. Iweke kwenye friji muile, au ibadilishie kifuniko uichemshe upya siku hiyo hiyo. Nikizima mashine huwa pia natoa mfuniko na kungoja dakika tano kabla ya kuzitoa chupa. Ukizitoa papo hapo zinatapika maji yake.

Umeme kukatika katikati ni jambo la kawaida, na hapa huruma haitakiwi. Hata kama zimebaki dakika nne, ukirudi unachemsha tena mpaka maji yatokote, na unaanza kuhesabu kutoka sifuri. Nyanya zitalegea, sawa. Ndiyo maana sianzi bila kuangalia salio la LUKU, na siku ambayo wametangaza matengenezo ya laini sigusi kabisa. Jiko la gesi linakaa karibu, na sufuria lile la shughuli bado ninalo. Dakika ni zilezile, uwe unachemsha kwa umeme au kwa gesi.

Gharama ya umeme niliielewa kwa kuchelewa. Kuchemsha maji ya mwanzo, kutoka baridi mpaka kutokota, ni kama uniti mbili na nusu hadi tatu na inachukua saa moja na nusu. Mzigo wa pili ukiingia maji yakiwa bado ya moto unakula kidogo sana, ila chupa zake ziwe na moto pia, la sivyo zinapasuka. Kwa hiyo sichemshi mzigo mmoja mmoja. Nakusanya, naita wasichana wa jirani wanisaidie kutoa kokwa, tunafanya mizigo mitatu mfululizo na jioni ninawalipa kwa jamu na hela kidogo. Kilichoniuma ni kwamba tulikuwa kwenye tarifu ya wateja wadogo, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, ambako bei ya uniti haifiki hata nusu ya bei ya kawaida. Msimu wa plamsi tuliupita mpaka huo bila habari. Mume wangu aligundua pale alipoweka hela ileile ya siku zote na uniti zikaja kiganja.

Kuhusu kuuza, wengi huniuliza. Chupa chache kwa majirani na wageni wa kanisani ni jambo moja, rafu ya duka ni jingine. Vyakula siku hizi viko chini ya TBS, shirika la viwango, tangu 2019, na njia ya mjasiriamali mdogo inaanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, ambao wanatoa mafunzo na barua ya utambulisho. Mimi bado niko kwenye mafunzo. Wanataka chumba cha peke yake, na jiko langu bado lina kuku wanaoingia mlango wa nyuma.

Lile bomba la ubavuni lina umaarufu wake. Mtaa mzima umeshajua kwamba mashine hii inachemsha chai ya watu mia bila kuni, kwa hiyo kukiwa na msiba inaazimwa kabla hata jeneza halijanunuliwa. Sikatai. Ila inatoka nyumbani na maagizo matatu. Isiwashwe bila maji, maziwa yasitiwe ndani kwa kuwa yanaungua chini, na sukari iwekwe kwenye vikombe. Ikirudi nalifungua bomba, kwa sababu majani ya chai hukwama kwenye mpira wake, halafu nachemsha maji na siki kidogo kuondoa magadi na harufu ya tangawizi kabla ya kugusa nyanya.